Kikombe Alichokunywa Mama

Baba mdogo aliondoka alfajiri kupeleka mzigo, na kabla jua halijapanda sana akawa amerudi, kreti zote zikiwa bado zimefungwa kwenye pikipiki kama zilivyotoka. Nilikuwa uani nasuuza mapipa. Aliingia hadi karibu na miguu yangu, hakuzima hata injini.

"Shemeji yuko wapi?"

"Yuko jikoni. Shikamoo, baba."

"Mwite."

Baba mdogo ni mtu wa salamu. Hata ukimkuta anabishana na fundi gereji, atakatisha ugomvi akuitikie marahaba kwanza. Siku hiyo hakuitikia. Mama alitoka akifuta mikono kwenye kanga, na baba mdogo akamwambia akiwa bado amekaa juu ya pikipiki, uso ameugeuzia tangi la mafuta.

"Kuna watu wawili wamekufa kule njia ya Mtinko, kijiji kile chenye baa barabarani. Wengine wako hospitali. Hawaoni. Shemeji, wanasema walikunywa ya kwetu."

Mama akamwambia, "Zima hiyo pikipiki." Akaizima.

Sisi ni watengeneza pombe kali. Najua neno hilo linavyosikika, hasa kwetu Mkalama ambako nusu ya jamaa zangu ni wazee wa kanisa na nusu nyingine ni wateja. Baba yangu alianza kwa gongo, porini, kwenye mapango ya mawe, akikimbizana na mgambo mpaka walipomkamata akafungwa. Alipotoka, Mama alimpa masharti: ama aache, ama aifanye mchana mahali ambapo mtoto wake anaweza kumwonyesha mgeni. Akachagua la pili. Ilichukua miaka kupata kibali. Akajenga chumba chenye sakafu ya saruji na madirisha ya wavu, akachomelea mtambo mwenyewe, akaacha mahindi na sukari, akageukia asali, kwa sababu asali ndiyo kitu ambacho nyika yetu inakitoa bila kubembelezwa.

Baba alipofariki, mtambo ukabaki kwa Mama. Mimi wakati huo nilikuwa Singida mjini nauza kwenye duka la vipuri, nikarudi kumsaidia kwa muda. Muda ule haukuisha. Nilijifunza kuchanganya asali na maji ya vuguvugu, kusubiri ichachuke kwenye mapipa mpaka iache kutoa povu, kuipika kwa moto wa taratibu, na kuukamata mvuke unapopita kwenye bomba la shaba lililozamishwa majini na kutoka upande wa pili ukiwa tone. Nilijifunza kuijaza kwenye chupa, kukaza kizibo na kuchovya shingo ya chupa kwenye nta iliyoyeyushwa. Baba mdogo alizisambaza.

Lakini jambo la kwanza kabisa Mama alilonifundisha lilikuwa kumwaga. Yale matone ya mwanzo tunayaita kichwa. Yana harufu kali kama rangi ya kucha, ukiyapaka kwenye vidole yanakauka upesi na kuacha baridi. Kichwa hakinywewi. Kinamwagwa kwenye shimo nyuma ya chumba, na mtu anaendelea kumwaga mpaka harufu ile iondoke na ije harufu ya asali. "Mwenye haraka akalime alizeti," Mama alikuwa akisema. "Hapa ukiwa na haraka unaua mtu."

Sasa, zile chupa zilizokwenda njia ya Mtinko zilitoka kwenye mpiko niliousimamia mimi. Mama alikuwa ameitwa msibani kwa ndugu zake, mapipa yalikuwa yameiva, na pombe ikishaiva haingoji msiba uishe. Akaniambia nipike. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupika peke yangu. Na siku hiyo nilikuwa na mafua.

Hayo ndiyo yaliyonijia pale uani, bado nimeshika brashi ya kusugulia mapipa. Pua yangu ilikuwa imeziba. Nilimwaga, ndiyo. Nilipima kwa vidole, nikamwaga tena kidogo kwa kuogopa. Lakini harufu ya asali ilipokuja, je, niliisikia, au nilitamani tu kuisikia?

Baba mdogo alieleza alichokikuta. Watu wale walikuwa wamekunywa jioni, wakalala vizuri. Kesho yake waliamka vichwa vinawauma wakadhani ni uchovu wa kawaida, mpaka alasiri macho yakaanza kuingia ukungu, wakawa wanawashiwa taa na bado wanauliza mbona giza. Chupa tupu zilizookotwa zilikuwa na lebo yetu. Vijana wa kijiji walipomwona na kreti walianza kumsogelea, akageuza pikipiki kabla hajashuka.

"Muuza baa anasemaje?" Mama akauliza.

"Baa imefungwa. Wanasema naye kaenda kuuguza."

Mama aliingia stoo. Nilimfuata, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Mama, siku ile nilikuwa na mafua."

Alikuwa anahesabu kreti kwa macho, akitafuta zile za mpiko wangu. Hakugeuka.

"Ulimwaga kichwa?"

"Nilimwaga. Lakini pua ilikuwa imeziba. Nilitumia vidole tu. Sijui, Mama. Naapa sijui."

Hapo akageuka. Nilitegemea hasira, na nadhani ningeshukuru kuipata. Aliniangalia tu, kama unavyomwangalia mtu aliyeanguka ukitaka kujua kaumia wapi. Kisha akachukua chupa moja ya mpiko ule, akabandua nta kwa kisu, akafungua. Akainusa. Akaweka tone kiganjani, akalisugua. Akachukua kikombe cha bati kilichokuwa dirishani, akamimina mpaka nusu.

"Mama, usinywe."

"Watakuja watu hapa sasa hivi," akasema. "Wataniuliza kama pombe yangu inaua. Unataka niwajibu nini? Kwamba sijui?"

"Serikali watapima."

"Watapima. Na watu wa kule watasubiri vipimo?" Akanywa. Alikunywa yote, kwa mikupuo mitatu, na Mama si mnywaji. Huonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Macho yalimtoka machozi, akakohoa.

Nilinyakua kikombe na chupa nikaanza kujimiminia. Kama ni yangu, na mimi ninywe, ndicho nilichokuwa nawaza, kama kulikuwa na kuwaza. Alinipiga mkono, kikombe kikaruka kikagonga ukuta.

"Una wazimu? Lazima mmoja wetu abaki anayeona."

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na uhakika.

Hatukumwambia baba mdogo. Alikaa kwenye ngazi ya mbele ameshika simu, kila ikilia anashtuka. Mama alifunga stoo, akafunga kanga vizuri, akakaa kwenye mkeka kivulini na ungo wa uwele, akaanza kuchambua mawe. Nilijua kwa nini amechagua kazi hiyo. Mawe ya uwele ni madogo kama uwele wenyewe.

Wa kwanza kufika walikuwa mtendaji wa kijiji na askari wawili waliotoka Nduguti, pamoja na bwana afya. Walikuwa wapole, na upole wao ulinitisha zaidi. Walipiga picha mtambo, wakachukua chupa kadhaa za kupeleka maabara, wakaweka lakiri kwenye mlango wa stoo na kwenye chumba cha mtambo. Askari mmoja, ambaye aliwahi kuja kununua kwetu kwa ajili ya harusi ya dada yake, alimwuliza Mama kama ana lolote la kusema.

"Sina, mwanangu. Mpime."

"Vipimo vinachukua muda, mama. Msitoke kijijini."

"Tutatoka twende wapi?"

Mtendaji alibaki nyuma kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna watu wanakuja na trekta kutoka kule, na kwamba tufunge geti. Geti letu ni la miiba ya migunga na mabanzi. Nililifunga hata hivyo.

Trekta ilikuja na tela limejaa. Wengi walikuwa wanaume, wamenyamaza, wamesimama wameshikana mabega tela lisiwaangushe. Lakini aliyeshuka wa kwanza alikuwa mwanamke ninayemjua. Alikuwa mke wa mrina asali wetu, mtu ambaye tangu enzi za Baba ndiye aliyetuletea asali na nta kutoka mizinga yake ya nyikani. Mara nyingi mkewe ndiye aliyezileta ndoo, na Mama humwandalia uji kabla hajaondoka. Siku zote alikunywa uji wetu na kukataa hata kuingia chumba cha mtambo. Yeye ni mlokole. Alikuwa akituambia waziwazi kwamba anatuombea.

Alishika geti kwa mikono miwili, pamoja na miiba yake.

"Toka! Toka nikuone!"

Mama akanyanyuka na ungo wake. Nilijaribu kumzuia, akanipita.

"Jana mume wangu alikuwa anashika ukuta," yule mama akasema. "Alikuwa anatafuta mlango kwa mikono nyumbani kwake mwenyewe. Wamempeleka hospitali, sasa hata hazungumzi. Asali yake mmeichukua, na yeye mmempa nini?"

"Dada, sijui," Mama akasema. "Nasubiri kujua kama wewe."

"Hujui! Unapika kitu hukijui?"

Nyuma yake wanaume walikuwa wameanza kushuka. Mmoja alikuwa na dumu, na sikuhitaji kuambiwa lina nini, harufu ya petroli ilitufikia. Baba mdogo alisogea akasimama upande wa Mama. Mimi nilitaka kupiga kelele kwamba ni mimi, nilipika mimi, mwacheni. Mdomo ulifunguka. Mama, bila kuniangalia, akanishika kifundo cha mkono akakibana mpaka kikauma.

Kisha akamwambia yule mama, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia: "Asubuhi hii nimekunywa pombe ile ile iliyokuja kwenu. Nusu kikombe. Kama ni yetu, kesho saa kama hizi sitakuona ukisimama hapo. Njoo uniangalie. Nikiwa sioni, hao wenye dumu wachome, sitawazuia."

Baba mdogo akageuka akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi.

Yule mama alimtazama Mama machoni. Sijui aliwaza nini. Alichosema ni, "Umekunywa kweli?" Na Mama akajibu, "Kweli." Basi akaachia geti, viganja vinatoka damu, akarudi kwenye tela. Wale wanaume walibaki wakiangaliana, kisha mwenyekiti wao wa kijiji, mzee aliyekuwa amekaa karibu na dereva muda wote, akasema kwa Kinyiramba kwamba hawezi kuruhusu nyumba ichomwe na mtu yumo ndani anangoja hukumu. Waliondoka kama walivyokuja. Vumbi la trekta lilikaa hewani hata baada ya mlio wake kupotea.

Sitasimulia usiku wote. Hatukulala. Nilimwuliza Mama mara nyingi kama kichwa kinamuuma mpaka akasema kama hakijaanza basi mimi nitakianzisha. Kulipokucha nilimkuta ameketi mlangoni, uso ameuelekeza kwenye mwanga, macho ameyafumba.

"Mama?"

"Naogopa kuyafumbua," akasema.

Hapo tu ndipo sauti yake ilipovunjika. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mashavu. Tulikaa hivyo. Kisha akayafumbua, akaniangalia, macho yakasogea kutoka paji langu mpaka kidevu, polepole, kama anayesoma.

"Una ukurutu hapa," akasema, akigusa pembeni ya mdomo wangu. "Umeanza lini?"

Nililia mpaka baba mdogo akaja mbio akidhani tumeshapoteza mtu.

Mchana ulipita, ukaja ule muda wa trekta. Mke wa mrina asali alikuja peke yake kwa bodaboda, amevaa vitambaa viganjani. Mama alikuwa kwenye mkeka na ungo. Yule mama hakusalimia. Aliinama, akanyoosha vidole vyake mbele ya macho ya Mama.

"Vingapi?"

"Vitatu. Na kile kidole cha pete kina kovu."

Yule mama alikunja vidole. Hakusema pole wala samahani, na sikuona haja ya kumlaumu. Mume wake alikuwa bado kwenye giza. Alisema tu, "Basi ni nini alichokunywa?"

Jibu lilikuja kutoka kwake mwenyewe, yule mrina asali, siku alipopata kauli. Waliokuwepo ni mkewe na askari, na mkewe ndiye aliyetusimulia. Mgonjwa aliulizwa alikunywa nini, akasema alikunywa kwenye baa, chupa yenye lebo yetu. Askari akaandika. Kisha mgonjwa akaongeza, "Lakini haikuwa yao. Haikuwa na nta."

Alisema aliigeuza geuza ile chupa kabla ya kufungua. Alitafuta nta yake shingoni, nta aliyoitoa mzingani kwa mikono yake, hakuiona, akaona kizibo kitupu cha plastiki. Akamwuliza muuza baa, naye akamwambia siku hizi chupa zetu zinafungwa hivyo kupunguza gharama. Akajua si kweli. Na akanywa, kwa sababu wenzake walikuwa wameshamimina, na kwa sababu ilikuwa siku ya furaha, ng'ombe wake alikuwa amezaa.

Askari walipovunja mlango wa baa wakakuta nyuma madumu ya spiriti ya viwandani, ile ya kusafishia na kuchanganyia rangi, na gunia la chupa zetu tupu zilizookotwa kwenye sherehe na majalala. Muuza baa alikamatwa baadaye kwa jamaa zake mbali na hapa. Nilikuwa namfahamu. Alikuwa mwanamke aliyezoea kumtania baba mdogo kwamba siku moja wataoana. Sikuwahi kumfikiria kuwa mtu mbaya, na hata sasa nashindwa. Alitaka kupata zaidi, akamimina kitu asichokijua. Watu wawili wako makaburini kwa ajili hiyo.

Majibu ya maabara yalikuja, lakiri zikatolewa. Mtendaji alisoma karatasi mbele ya mkutano wa kijiji, watu wakapiga makofi, na baada ya hapo hakuna aliyekuja kununua. Niliwaelewa. Hata mimi ilinichukua muda kuingia tena chumba kile. Baba mdogo aliacha kabisa. Aliokoka, akanunua mashine ndogo ya kukamua alizeti, na anapotupitia hukaa upande ule wa ua asikoweza kuuona mtambo.

Mama alinipa mpiko uliofuata nipike tena. Nilikataa. Akasema basi tutakaa tu, mapipa yataharibika, tutayamwaga. Akakaa kweli, mikono mapajani, mpaka nilipoenda kuwasha moto.

Mrina asali alirudishwa nyumbani akiwa anaona mwanga na vivuli, zaidi ya hapo hapana. Tulimtembelea. Sikujua nitamwambia nini mtu ambaye maneno yake yalituokoa na ambaye alikuwa ameyanunua kwa macho yake. Alitukaribisha vizuri, akamwuliza Mama habari za mvua upande wetu, akacheka mkewe alipogonga sufuria. Kisha akamwambia Mama kwamba mizinga bado iko juu ya miti, ina asali, na hakuna wa kupanda.

"Mimi nitapanda," mkewe akasema kutoka jikoni.

"Mwanamke hapandi mizinga."

"Basi ishushwe chini."

Walibishana pale mbele yetu, kwa nguvu, kama watu ambao hawajabishana siku nyingi na walikuwa wameikosa hali hiyo. Mwishowe mizinga ilishushwa. Vijana wa kanisa lao, wale wale ambao baadhi yao walikuwa kwenye tela, ndio walioishusha na kuitundika kwenye vichanja ambavyo mtu anavifikia akiwa amesimama. Mume hukaa karibu kwenye kiti, anamwelekeza mkewe kwa sikio. Nyuki wakilia kwa namna fulani anamwambia rudi nyuma, wakitulia anamwambia endelea, toa sega hilo, liache lile.

Juzi mkewe alituletea ndoo ya kwanza ya msimu. Asali ilikuwa nyeusi, ya migunga, nzuri sana. Mama akamwandalia uji, akanywa. Kisha yule mama akaniambia nimwonyeshe ndani. Nilidhani sikusikia vizuri. Aliingia chumba cha mtambo akiwa ameshika Biblia yake kwapani, akasimama katikati ya saruji, akaangalia bomba, mapipa, moto. Akaniuliza hiki ni nini, na hiki, nikamjibu. Hakusema kama anatuombea bado.

"Kumbe ni kazi," akasema, akatoka kwenda kuwahi bodaboda.